Akaunti ya kaunta: kuingia intaneti bila madaraka makubwa

Msimu wa korosho ukifunguliwa, steshenari yangu hapa Chikongola, Mtwara, haina kupumua. Huyu anachapa barua, yule anatuma fomu, flashi zinaingia na kutoka. Msimu mmoja kijana wangu wa kaunta alifungua kiambatisho kilichojiita risiti. Dirisha likauliza Ndiyo au Hapana, akabonyeza Ndiyo huku anahesabu chenji. Siku mbili nikashinda napiga Windows upya.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwachia akaunti ya msimamizi, na programu hubeba madaraka ya aliyeifungua. Kivinjari kikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida, uchafu unaopitia humo hauna ruhusa ya kugusa folda za Windows wala mafaili ya watumiaji wengine.

Twende kazini, Windows 10 au 11.

1. Ukiwa kwenye akaunti yako ya sasa, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Kubali.

2. Andika: net user kaunta * /add
Utaombwa neno la siri mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika, usidhani kibodi imekufa.

3. Andika: net user kaunta
Mwishoni, kwenye makundi, pawe na Users (watumiaji wa kawaida), pasiwe na Administrators (wasimamizi).

4. Akaunti yako ya zamani nayo iwe na neno la siri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Likiwa tupu, kijana akiulizwa neno la siri la msimamizi ataacha kisanduku wazi, abonyeze Ndiyo, apite.

5. Toka, ingia kama kaunta, na kazi zote za mtandaoni zifanyike humo. Mafaili ya pamoja weka C:\Users\Public.

MASWALI

Masasi: Kaka, si Windows inauliza yenyewe Ndiyo au Hapana tangu toleo la Vista? Haitoshi?
Jibu: Kweli, tangu 2007 hata programu za msimamizi huanza zikiwa zimepunguziwa madaraka mpaka akubali. Ila kwake kukubali ni kubonyeza tu. Mtumiaji wa kawaida anadaiwa neno la siri la msimamizi, na kijana wa kaunta hana.

Nachingwea: Nikitaka kuweka programu mpya nihame akaunti?
Jibu: Hapana. Ifungue hapo hapo, ukiulizwa andika neno lako mwenyewe. Usimtajie mtu kwa simu. Mimi niliwahi kumtajia kijana wangu, jioni ile ile nikalibadilisha.

Lindi mjini: Na virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa?
Jibu: Hapo, dada, usijidanganye. Vitafunga kila faili ambalo kaunta anaweza kulibadilisha, na ya Public yamo. Weka nakala kwenye diski ya nje, na uichomoe ukimaliza. Ikibaki imechomekwa, nayo itafungwa.

Mtwara, Ligula: Nimeweka neno la siri la msimamizi, nimelisahau.
Jibu: Leo hii? Njoo na mashine dukani, ila baada ya saa kumi na moja.