Kompyuta ya Mezani Inayozimika Usingizini Baada ya Masasisho ya Windows: Hatua za Kutafuta Chanzo

Malalamiko ninayoletewa hapa Mtwara kuhusu jambo hili hufanana sana. Kompyuta ya mezani ilikuwa ikilala na kuamka bila taabu, Windows ikajisasisha, na tangu hapo mwenye mashine akiiacha ilale anakuta feni zinazunguka huku kioo kikiwa cheusi, au anakuta imezimika kabisa na barua aliyokuwa akiichapa imepotea. Ushauri wa haraka anaopewa ni "kupiga Windows upya", kazi ambayo humla siku nzima, hufuta programu za ofisi ambazo pengine hazina nakala, na mara nyingi huiacha hitilafu pale pale ilipokuwa. Mwongozo huu ni wa mwenye steshenari, karani wa chama cha msingi au mwalimu anayetumia Windows 10 au Windows 11, na ambaye yuko tayari kuchunguza kwa utaratibu kabla ya kufikia huko.

Ni lazima kwanza kuelewa kinachotokea kompyuta inapolala. Kompyuta nyingi za mezani huingia katika hali iitwayo S3, ambamo prosesa, diski na feni huzimwa, lakini RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huendelea kupewa umeme kidogo ili ishikilie kila kilichokuwa wazi. Umeme huo hutoka kwenye njia ya volti 5 ya pawa saplai, ambayo haizimiki maadamu plagi imechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa. Kabla ya kulala, Windows huiagiza kila draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa fulani, kukituliza kifaa chake, na wakati wa kuamka huiagiza kukiinua tena. Draiva moja ikikataa kujibu, mashine nzima hukwama. Kwa hiyo kompyuta inaweza kufa katika nyakati tatu: ikiwa inaingia usingizini, ikiwa imelala, au ikiwa inaamka. Sasisho linaweza kuharibu wakati wa kwanza na wa tatu kwa urahisi, lakini ni nadra kuhusika na ule wa pili, na ndiyo maana kazi yote inayofuata inalenga kujua mashine ilikufa wakati gani.

Hatua ya 1: Linda kazi zako

Nakili nyaraka muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha fungua "Settings", "System", halafu "Power" (au "Power & sleep" katika Windows 10), na uweke muda wa kulala kuwa "Never" hadi uchunguzi utakapokwisha. Utakuwa ukiilaza mashine kwa mkono, kwa wakati unaoutaka wewe.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu za mashine

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr.msc, kisha bonyeza Enter. Fungua "Windows Logs", halafu "System", chagua "Filter Current Log" upande wa kulia, na katika kisanduku cha namba za matukio andika 1,41,42,107,1001,6008. Orodha itapungua na kubakiza matukio yanayotuhusu.

Tukio namba 42 kutoka Kernel-Power linamaanisha kwamba mashine ilianza kulala, na namba 107 linamaanisha kwamba ilirejea. Namba 1 kutoka Power-Troubleshooter hutaja saa ya kulala, saa ya kuamka na kifaa kilichoiamsha. Namba hiyo hiyo hutumiwa pia na chanzo kingine kinachoandika mabadiliko ya saa, kwa hiyo angalia safu ya chanzo usije ukachanganya. Namba 41 ni kilio cha mashine iliyowaka tena baada ya kuzimika bila kuagwa, 6008 hutaja saa ya kuzimika huko, na 1001 yenye neno BugCheck huachwa na skrini ya bluu.

Tukio namba 41 ndilo lenye utajiri. Lifungue, nenda "Details", na utafute mistari mitatu. Wa kwanza ni BugcheckCode, ambao huandikwa kwa namba za kawaida: 159 ni kosa la 0x9F, yaani draiva imeshindwa kubadili hali ya umeme ya kifaa chake, 278 ni 0x116, ambalo huelekeza kwenye kadi ya picha, na 0 humaanisha kwamba Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea. Wa pili ni SleepInProgress, ambao usipokuwa sifuri unaonyesha kuwa mashine ilikuwa katikati ya safari ya kulala au kuamka. Wa tatu ni PowerButtonTimestamp, ambao ukiwa na namba nyingine isiyo sifuri, maana yake kuna mtu aliyekishikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazimika, na huenda mtu huyo ni wewe uliyechoka kukitazama kioo cheusi.

Tuseme unakuta namba 42 saa 6:10 mchana, ambayo Windows itaiandika 12:10 PM, kisha hakuna 107 yoyote, kisha 41 yenye BugcheckCode 0 na PowerButtonTimestamp 0 mashine ilipowashwa saa 8. Hapo hakuna aliyeshika kitufe na hakuna draiva iliyolalamika, bali yaelekea umeme uliondoka mashine ikiwa imelala.

Hatua ya 3: Ondoa lawama ya umeme

Kwa miaka mingi umeme wa Mtwara na Lindi umezalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, lakini ukaribu na kisima hauzuii umeme kupepesa, na mpepeso wa muda mfupi sana unatosha kufuta RAM ya mashine iliyolala. Anayekaa ofisini ataona taa zikizima na ataelewa. Aliyetoka kwenda kula ataishia kulilaumu sasisho la juzi. Linganisha saa za namba 41 na nyakati ambazo majirani wanakumbuka umeme kukatika. Ichunguze pia UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta: ichomoe ukutani ikiwa kompyuta imewaka lakini hakuna kazi iliyofunguliwa, kwa sababu UPS iliyokufa betri ni ekstensheni yenye taa.

Dawa ya hali hii ni usingizi mseto, ambamo Windows huandika yaliyomo kwenye RAM katika diski kabla ya kulala, ili umeme ukikatika mashine isome kutoka diskini. Katika "Power Options" za zamani, fungua mipangilio ya juu ya mpango wa umeme, tafuta "Sleep", kisha "Allow hybrid sleep" na uiwashe. Masasisho makubwa wakati mwingine hurudisha mipangilio ya umeme katika hali ya mwanzo, na hapo tu ndipo sasisho hubeba sehemu ya lawama hata katika kukatika kwa umeme.

Hatua ya 4: Iulize Windows inajua kulala kwa namna gani

Fungua "Command Prompt" kwa mamlaka ya msimamizi na uandike:

powercfg /a

Jibu litaorodhesha aina za usingizi zinazopatikana na zisizopatikana, pamoja na sababu. Ikiwa "Standby (S3)" imewekwa upande wa zisizopatikana na sababu inataja "Graphics", sasisho limeondoa draiva ya kadi ya picha na kuacha ile ya jumla iitwayo Microsoft Basic Display Adapter. Umeshampata mhusika, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

S3 ikiwapo, fanya jaribio ambalo binafsi nalithamini kuliko mengine yote. Washa usingizi wa diskini, kisha uijaribu mashine:

powercfg /h on
shutdown /h

Mashine itaandika kila kitu katika faili la hiberfil.sys na kuzimika kabisa. Iwashe. Ikirudi salama mara kadhaa lakini ikafa kila unapoilaza kwa njia ya kawaida, elekeza macho kwenye RAM, pawa saplai na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows), kwa kuwa tofauti kubwa kati ya aina hizi mbili ni ule umeme mdogo wa kushikilia RAM. Ikikwama katika aina zote mbili, draiva ndizo za kushukiwa, maana hupokea amri za kutulia na kuinuka katika hali zote.

Hatua ya 5: Chomoa visivyo vya lazima

Acha kibodi, kipanya na monita tu. Modemu ya USB, printa, skana, kisoma kadi na simu inayochajiwa kwenye mlango wa mbele vyote vitoke. Ilaze mashine na kuiamsha. Ikikubali, rudisha kifaa kimoja kimoja. Steshenari nyingi huwa zimemaliza tatizo hapa, na mara nyingi mkosaji ni modemu ndogo ambayo hakuna aliyeikumbuka kuwa ina draiva yake.

Hatua ya 6: Rudisha draiva ya awali

Fungua "Windows Update", halafu "Update history", na usome sehemu ya "Driver Updates" ukilinganisha tarehe zake na siku tatizo lilipoanza. Kisha fungua "Device Manager", bofya kifaa husika mara mbili, nenda "Driver" na ubonyeze "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa, na itakubidi kuipakua kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kasha. Anza na kadi ya picha, fuata kadi ya mtandao, kisha Intel Management Engine Interface, ambayo watu wengi huisahau ingawa inahusika moja kwa moja na hali za umeme. Kwa kadi ya mtandao, jaribu pia kuondoa alama ya "Allow the computer to turn off this device to save power" katika ukurasa wa "Power Management".

Kila baada ya badiliko chagua "Restart", usichague "Shut down". Windows yenye "Fast Startup" inapozimwa huhifadhi kiini chake pamoja na draiva katika diski na kukirejesha asubuhi, kwa hiyo unaweza kudhani umeanza upya kumbe umeendelea na hali ile ile ya jana.

Hatua hii ina ugumu wake kwa kompyuta za mtumba, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zimepandishwa Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wake, ilhali mfumo huo hudai rasmi chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine ya kizazi cha 4 inaweza kufanya kazi za ofisi vizuri chini ya Windows 11, lakini mtengenezaji wake hakuiandalia draiva za mfumo huo, na usingizi ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuyumba. Kwa mashine ya namna hiyo mimi huzima usingizi wa kawaida kabisa na kutumia ule wa diskini. Kwenye SSD, kusubiri kwake hakumchoshi mtu.

Hatua ya 7: Ondoa sasisho lenyewe

Ikiwa hakuna draiva iliyobadilika, rudi "Update history", chagua "Uninstall updates", na uondoe sasisho la tarehe inayolingana. Kama ulipandishwa toleo zima la Windows, nafasi ya kurudi nyuma kupitia "Recovery" kwa kawaida hudumu siku 10 tu. Baada ya hapo simamisha masasisho kwa wiki chache ili lisijirudishe lenyewe, lakini usiyafunge moja kwa moja, kwani kompyuta inayopokea flashi za wateja mchana kutwa inahitaji ulinzi kuliko nyingine yoyote. Ukishuku kwamba mafaili ya mfumo yameharibika, tumia amri hizi mbili kwa mfuatano, ukijua kwamba ya kwanza huweza kula bando:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Hatua ya 8: Fungua kasha

Hatua hii ni ya wale ambao jaribio la hatua ya 4 liliwaelekeza kwenye vifaa. Chomoa waya wa umeme na usubiri kidogo. Hewa ya bahari yenye chumvi huacha ukungu mwembamba kwenye meno ya RAM, hasa kwa ofisi za Shangani na Mikindani zinazofungua madirisha siku nzima; zichomoe RAM, sugua meno taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu na uzirudishe mpaka vishikizo vilie. Badilisha betri ya CR2032 ikiwa saa ya kompyuta hurudi nyuma, kwa sababu betri ikifa BIOS hupoteza mipangilio yake, ikiwemo ile ya usingizi. Kama RAM imewekewa mwendo wa ziada wa XMP, uzime na ujaribu tena.

Mwenye kipimo cha volti (multimita) anaweza kuchomeka tena waya, kisha kupima waya wa zambarau kwenye kiunganishi kikubwa cha mazabodi, yaani bao kuu la kompyuta. Usomaji sahihi ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukiwa chini ya hapo, pawa saplai imechoka na inahitaji kubadilishwa nzima. Usiifungue, kwani ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 9: Jaribio la mwisho kabla ya kupiga Windows

Andaa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, anzisha mashine kutoka kwenye flashi hiyo kwa kuchagua kujaribu bila kusakinisha, fungua dirisha la amri na uandike systemctl suspend. Ubuntu haitumii draiva yoyote ya Windows. Mashine ikilala na kuamka mara kadhaa bila kukwama, vifaa vyake ni vizima, na sasa kupiga Windows upya ni uamuzi wenye msingi. Ikifa hata huko, usikubali kulipia kupigiwa Windows, bali rudi hatua ya 8 au umpelekee fundi wa vifaa pamoja na picha ya lile tukio namba 41.