Hesabu, hela na saa kwa mtoto mdogo: mpe vitu ashike, daftari lisubiri

Wazazi wenzangu, mtoto wa miaka mitatu mpaka sita usimuanzishie hesabu kwenye daftari. Mpe vitu ashike. Watoto wengi wanaimba moja mpaka ishirini bila kukosea na sisi nyumbani tunafurahi tunasema huyu kichwa, alafu ukimwambia niletee vijiko vitatu anakuja na vyote vilivyokuwa kwenye beseni. Kuimba namba na kuhesabu ni vitu viwili tofauti, na hicho cha pili ndo kinataka muda wako.

Anza hivi. Panga nyanya tano kwenye mkeka, aguse moja moja huku anataja namba, asiruke na asirudie. Akimaliza muulize "kwahiyo ziko ngapi?" Wengi hapo wanaanza kuhesabu upya toka moja, maana yake bado hajajua kwamba ile namba ya mwisho aliyotaja ndo idadi yenyewe. Usimkaripie, mwambie tu "ziko tano, umezimaliza zote", alafu zitandaze zikae mbalimbali umuulize tena. Kuna umri mtoto akiona vitu vimetandazwa anaamini vimeongezeka, hiyo ni kawaida kabisa, Jean Piaget wa Uswisi aliichunguza sana kwa watoto wa chini ya miaka saba hivi. Huna haja ya kubishana nae, rudia tu siku nyingine na vitu vingine.

Sisi wa Kigoma tuna dagaa na hapo ndo pa kumfundishia makumi. Mkiwa mnachambua dagaa jioni mpe visosi vitatu, atoe dagaa kumi aweke kisosi cha kwanza, kumi wengine cha pili, wanaobaki aweke cha tatu. Tuseme wamebaki watatu. Muonyeshe kwa kidole: kumi, ishirini, na hawa watatu, ishirini na tatu. Siku atakayokutana na 23 shuleni atajua ile 2 ni visosi vilivyojaa, haitamsumbua. Mwanangu kuna jioni alikataa kabisa kuhesabu wale wa kisosi kilichojaa, akasema "hawa nishawahesabu mama, ni kumi," akaendelea kumi na moja, kumi na mbili. Hapo ndo unapopatafuta, mtoto akifika hapo mwache aende.

Na mdako jamani tusiuache ufe. Kokoto kumi kwenye shimo, moja ya kurusha juu, anachota zote nje, anarusha tena anazirudisha anabakisha moja, baadae mbili mbili. Pale anajumlisha na kutoa haraka kuliko zoezi lolote la ubaoni, na anacheza na wenzie.

Tuje kwenye hela. Kwanza kama una mtoto wa chini ya miaka mitatu hapo ndani, sarafu asiziguse bila wewe kuwepo, wanameza. Kwa mkubwa wake anza na sarafu nne tulizonazo, 50, 100, 200 na 500. Shida ya mtoto ni kwamba anaona wingi: mpe sarafu moja ya 500 na sarafu tatu za 100 achague, atachukua hizo tatu, na kwa akili yake yuko sahihi kwasababu ndo nyingi. Kumwambia tu "hii ni kubwa" haisaidii. Weka ile 500 chini, pembeni yake panga 100 moja moja huku mnasema mia, mia mbili, mia tatu, mpaka mia tano, alafu mbadilishane kweli, akupe tano umpe moja. Badilishaneni mpaka aache kulalamika kwamba umempunja. Noti ni rahisi zaidi kwasababu zina picha, elfu moja ina Mwalimu Nyerere, elfu mbili simba, elfu tano faru, elfu kumi tembo. Waanze kuziita kwa mnyama haina shida, wewe ukiwa unajibu kwa thamani yake, "ndiyo, simba ni elfu mbili".

Alafu nenda nae sokoni, Mwanga au kule Kibirizi, na hela awe ameshika yeye. Mwambie kabla hamjafika: tunanunua fungu la nyanya la mia tatu, una mia tano, atakurudishia ngapi? Asitoe kichwani, ahesabu kupanda, mia tatu ameshalipa, mia nne, mia tano, kwahiyo mia mbili. Amsalimie muuzaji, "shikamoo mama, naomba nyanya za mia tatu", asubiri chenji, aihesabu palepale kabla hajaondoka. Wamama wa sokoni wana subira na watoto kuliko tunavyodhani. Ila kwa kipindi hiki anachojifunza jitahidi ulipe kesh mbele yake, hela ya simu mtoto haoni kilichotoka wala kilichobaki.

Saa ndo ngumu zaidi. Usianze na mishale, anza na kipi kinatangulia: tunaoga, tunakunywa uji, tunaenda shule. Jana, leo, kesho. Hayo yakikaa ndo uje kwenye jua, na hapa angalieni, vitabu vingi vinasema jua linachomoza saa kumi na mbili na mchana katikati ni saa sita, sisi tuko magharibi kabisa ya nchi na saa yetu ni moja na ya Dar, kwahiyo jua letu linachelewa kama dakika 40 kuliko la kwao. Saa kumi na mbili asubuhi huku bado giza, na kivuli kinakuwa kifupi kabisa karibu saa saba mchana. Simameni uani saa tatu, saa saba na saa kumi, pigeni mstari chini kivuli kinapoishia, ataona mwenyewe.

Sasa mshale. Mtoto anaona mshale mfupi uko kwenye 7 na wewe unasema saa moja, lazima achanganyikiwe. Njia nyepesi ni hii, asome namba inayotazamana nayo upande wa pili: 7 inatazamana na 1, 8 na 2, 9 na 3, mpaka 12 na 6. Haikosei hata mara moja. Kata boksi duara, andika namba, weka mshale mmoja tu mfupi kwa pini, ule mrefu uache mpaka huu aumudu. Akiweza mwongezee "na nusu", kisha "na robo". Dakika zenyewe zisubiri mpaka aweze kuhesabu kwa tano tano hadi sitini, na zile za kwenye simu za 13:00 na 19:00 mfundishe akishakuwa darasa la pili au la tatu huko.