Ukiambiwa kampuni inapunguza watu: piga hesabu kabla ya kusaini

Barua ya kupunguzwa kazini mara nyingi huja na karatasi ya pili, ya kukiri kwamba umelipwa na huna madai. Pokea ya kwanza. Hiyo ya pili iweke kando kwanza. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, sekta binafsi.

Biashara kuyumba ni sababu halali ya kupunguza watu, ila mwajiri hawezi kusema tu "hali ngumu" akakufungia geti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka atoe taarifa mara anapoanza kufikiria kupunguza watu, kisha akae na chama cha wafanyakazi, au na nyinyi wenyewe kama hakuna chama. Mnajadili sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya wanaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda na kiinua mgongo. Ulizeni vitu vyenye namba: mauzo yameshuka kiasi gani, mishahara ya wakubwa imeguswa? Muhtasari wa kikao usainiwe, maana ndio ushahidi wenu baadaye.

Kiinua mgongo kisheria hakipungui siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki hugawanya mshahara wa mwezi kwa 26. Msingi ukiwa 780,000, siku moja ni 30,000. Umefanya miaka 4 na miezi 8? Miezi haihesabiwi: 4 × 7 × 30,000 = 840,000. Wengi hukosea kwa kuchanganya posho za nyumba na usafiri. Ongeza notisi (siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi, au fedha badala yake), likizo ambayo hukuchukua, na siku ulizofanya kazi mwezi huo. Dai pia cheti cha utumishi. Kama mna mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), usome kabla ya yote. Huenda unatoa zaidi ya siku 7.

Mtego mkubwa ni kuombwa uandike barua ya kuacha kazi "ili uondoke vizuri". Ukiandika, wewe ndiye uliyeacha: kiinua mgongo hakuna, na fao la upotevu wa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, linakuponyoka, kwa kuwa haliwahusu waliojiuzulu.

Fao hilo lina siasa yake. Lilishika nafasi ya fao la kujitoa katika mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018: mwanachama aliyekuwa akichota michango yake akiachishwa, sasa hupewa sehemu ya mshahara kwa miezi michache. Na zile siku 7? Kenya, kwa sheria yao ya 2007, ni siku 15 kwa mwaka. Aliyetumika miaka 20 Dar es Salaam analipwa sawa na wa miaka 10. Mdororo haukupanga namba hizo. Zilipitishwa bungeni, na huko huko ndiko zinakoweza kubadilishwa.

Mkishindwana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Jaza Fomu Namba 1, mpelekee mwajiri nakala, agonge muhuri wa kupokea, ndipo uiwasilishe Tume. Akikataa kupokea, itume kwa rejista na utunze risiti. Ukichelewa, utaanza na Fomu Namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, na huko "nilikuwa naahidiwa nitalipwa" mara nyingi haisikilizwi.