Namna ya Kuahirisha Ukokotoaji katika Python

Tuchukue programu ya duka la vipuri katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kila asubuhi karani anapoifungua, programu hukokotoa kwanza thamani ya bidhaa zote zilizomo ghalani, ingawa jumla hiyo hutakiwa tu mwenye duka anapotaka ripoti. Karani anasubiri, na mteja aliyeshika plagi iliyochakaa anasubiri pamoja naye. Hesabu yenyewe haina kosa. Imefanywa tu kabla ya kuhitajika.

Lugha ya programu ya Haskell, iliyotangazwa mwaka wa 1990, huahirisha hesabu bila kuambiwa. Python, Java na C hazifanyi hivyo: unapoita funksheni (kipande cha programu chenye jina au kinachoweza kuitwa kifanye kazi), thamani zote unazoipa hukokotolewa kwanza, ndipo funksheni ianze kazi. Lakini hata lugha hizi huahirisha mahali pachache. Ukiandika `a and b` katika Python, `b` haiguswi iwapo `a` si kweli. Tunachotaka ni kuupanua uwezo huo hadi kwenye hesabu yoyote tunayoichagua wenyewe.

Ufunguo ni kwamba kuandika funksheni si kuiita. Ukiifunika hesabu ndani ya funksheni isiyopokea kitu, hesabu hiyo italala hadi itakapoitwa. Peter Ingerman aliieleza mbinu hii mwaka wa 1961, alipoandika juu ya utafsiri wa taratibu za Algol 60, lugha ya programu ya zamani. Kasoro ya Algol 60 ilikuwa kwamba hesabu iliyoahirishwa ilirudiwa kila ilipotajwa, kwa hiyo sisi tutaongeza sehemu ya kulihifadhi jibu:

```python
class Ahadi:
    def __init__(self, kazi):
        self._kazi = kazi
        self._tayari = False
        self._jibu = None

    def toa(self):
        if not self._tayari:
            self._jibu = self._kazi()
            self._tayari = True
            self._kazi = None
        return self._jibu

thamani = Ahadi(lambda: jumlisha_ghala(bidhaa))
```

Neno `lambda` huunda funksheni ndogo isiyo na jina, nayo ndiyo inayoifunika hesabu. Programu sasa hufunguka mara moja, na jumla hupatikana kwa `thamani.toa()` siku ripoti inapotakiwa. Alama ya `_tayari` si pambo: baadhi ya watu huangalia tu kama jibu ni `None` (yaani "hakuna kitu"), wakasahau kwamba hesabu halali inaweza kuzaa `None`, nayo ikarudiwa kila mara. Mstari unaoifuta `_kazi` una faida yake pia, kwa sababu funksheni hushikilia data yote iliyofungwa ndani yake, na bila kuiachilia orodha nzima ya bidhaa ingebaki katika kumbukumbu baada ya jibu kupatikana. (Wanaotoka JavaScript wasichanganye jina `Ahadi` na Promise ya huko, ambayo huanza kazi papo hapo inapoundwa.)

Ugumu unaanzia hapa: mahali hesabu ilipoandikwa na wakati inapofanyika vimetengana. Niliwahi kuiweka ndani ya `Ahadi` hesabu iliyosoma faili la mauzo, nikaiunda ndani ya `with open(...)`, ambayo hulifunga faili inapomalizika, kisha nikaitaka baada ya faili kufungwa. Hitilafu haikutokea nilipolifungua faili, bali katika ukurasa wa ripoti, mbali kabisa na chanzo chake, nami nikapoteza mchana mzima nikiutafuta ubovu pasipo na ubovu. Suluhisho ni kulifungua faili ndani ya funksheni iliyoahirishwa yenyewe.

Mtego wa pili ni wa kitanzi, yaani amri inayorudiwa kwa kila kipengele cha orodha. Ukiandika `[Ahadi(lambda: jumla(d)) for d in matawi]`, ahadi zote zitatoa jumla ya tawi la mwisho, kwa sababu `d` husomwa wakati wa kuitwa, si wakati wa kuandikwa. Andika `lambda d=d: jumla(d)`, ili kila moja ishike tawi lake.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiahirishe kazi inayochapisha stakabadhi, kutuma ujumbe au kupunguza idadi ya bidhaa, kwa kuwa hutajua itafanyika lini, wala kama itafanyika. Hesabu inayosoma data inayobadilika, kama bei ya leo, nayo itaganda kwenye jibu la mara ya kwanza.

Kwa mfuatano mrefu, `yield`, iliyoingia Python 2.2 mwaka wa 2001, inatosha: hutoa kipengele kimoja kimoja kinapoombwa, ila haihifadhi chochote. Kwa sifa ya kitu, tumia `functools.cached_property`, inayoikokotoa mara moja na kulihifadhi jibu, iliyopo tangu Python 3.8. Na iwapo nyuzi kadhaa za programu (sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) zitaiita `toa` kwa pamoja, weka kufuli, linaloruhusu uzi mmoja tu kuendelea, kabla ya kuiangalia `_tayari`, la sivyo nyuzi mbili zitaikuta bado na kuifanya hesabu ile ile mara mbili, au moja ikaiita `_kazi` ambayo nyingine imekwisha kuifuta.