Kuchagua mtumba utakaovaliwa miaka, si wiki

Mtumba hupunguza taka pale tu unapovaliwa. Shati bovu lililonunuliwa kwa sababu ni rahisi litaishia dampo lile lile, ila sasa kwa pesa yako.

Belo la kilo 45 likifunguliwa asubuhi, iwe soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, nguo kali huondoka kwanza, tena kwa bei ya juu. Anayekuja mchana hulipa kidogo na huchambua sana. Vyovyote vile, nenda na futi ya fundi. Mahali pa kujaribia mara nyingi hapapo, kwa hiyo laza kitandani suruali yako inayokukaa vizuri, pima kiuno, makalio na urefu wa mguu kwa ndani, uandike kwenye simu. Namba ya lebo usiiamini: 32 ya kampuni hii si 32 ya ile.

Jinzi igeuze, uinyanyue kwenye mwanga. Huanza kufia kati ya mapaja; ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi nyeupe, iache hata kama kwingine kote ni mpya. Kisha vuta goti, uachie. Kitambaa cha kuvutika kikibaki na mawimbi, mpira wake umekufa, na hakuna fundi wa kuufufua. Zipu mbovu na kifungo kilichodondoka visikutishe, ni vya kuombea punguzo.

Viatu ndivyo vinavyotia watu hasara. Soli nyepesi ya poliyurethani (aina ya plastiki yenye povu) huozeshwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa stoo, hakijavaliwa. Utakiona kinang'aa, halafu kinapukutika njiani. Bonyeza soli kwa ukucha: ikinata, ikibaki na shimo au ikitoa chembe, kirudishe. Soli ya mpira iliyoshonwa ni ya kuaminika zaidi.

Nguo za ndani usiguse. Tanzania, TBS (Shirika la Viwango) imezipiga marufuku za mtumba.

Ukifika nyumbani, usichanganye mzigo na nguo zako. Pamba iloweke nusu saa kwenye maji ya nyuzi 60 au zaidi, yanaua chawa na mayai yao. Sweta la sufu ukilitia humo litatoka la mtoto: lifungie wiki mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha ulifue kwa maji baridi na ulianike likiwa limelazwa, maana likitundikwa hurefuka mabega.