Anza na nyusi, mdomo baadaye
Ukichora uso wa katuni, usikimbilie mdomo. Chora duara, macho mawili ya nukta, kisha nyusi. Ncha za ndani zikishuka kuelekea puani, mhusika amekasirika; zikipanda, ana huzuni au anaomba msamaha; nyusi zote zikiruka juu, mbali na macho, ameshtuka. Na macho yenyewe hujayagusa! Mimi napenda zaidi unyusi mmoja juu, mwingine chini: hapo unampata mtu mwenye shaka, kama muuza duka anayeigeuzageuza noti yako. Weka kioo kidogo mezani, nuna mwenyewe, tazama mikunjo inavyokaa kati ya nyusi, halafu uitie chumvi kwenye karatasi. Mdomo uje mwisho. Mara nyingi mstari mmoja unatosha.