Kuonyesha Fantasia darini bila sauti kuachana na picha

Likizo ya Agosti dadangu alinipigia simu. Watoto wake pamoja na wa majirani wamechoka na simu, naye amechoka nao. "Njoo na projekta yako uwawekee kitu cha maana, si vita vita." Anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya juu kabisa, na dari yake ni tambarare, yatosha kutandika mikeka minne.

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo: projekta na spika za kukodi kwa harusi, semina na fainali za mpira. Nikachagua Fantasia ya Walt Disney, ya mwaka 1940. Ina vipande vinane vya muziki wa klasiki vilivyochorewa katuni, na anayezungumza, karibu peke yake, ni mtangazaji baina ya kipande na kipande, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano na bibi yake wanaweza kuitazama bila kutafsiriwa. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinila jioni nzima.

Kabla hujagusa waya, elewa jambo moja. Filamu nyingi hupigwa kwanza, muziki ukashonewa baadaye. Hii ilianza na muziki: Leopold Stokowski aliongoza okestra (huyu ni kondakta pia, ila si wa matatu), muziki ukarekodiwa, kisha wachoraji wakachora kwa kufuata mapigo. Humu muziki ndiye nahodha, picha ni abiria. Ndiyo maana hatua ya 5 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Filamu yenyewe

Mimi natumia DVD halisi. Usiichanganye na Fantasia 2000, ambayo ni filamu nyingine ya kama dakika 75, ingawa kipande cha Mickey na ufagio kimo katika zote mbili.

Ukiletewa DVD na jamaa aliye Uingereza, kumbuka DVD hufungwa kwa kanda za dunia: hiyo ni ya ukanda wa 2, na Kenya iko ukanda wa 5. Deki ya sebuleni huenda ikaikataa. Kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, mara nyingi huicheza bila kulalamika, lakini kompyuta ikikuuliza kama ungependa kubadili ukanda, usibonyeze ndiyo kwa haraka: kiendeshi cha DVD huruhusu mabadiliko matano tu maisha yake yote, kisha hujifunga hapo hapo. Pia usishtuke ukiona filamu ya dakika 125 imeisha kwa dakika 120. DVD za mfumo wa PAL, kama hizo za Uingereza, huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo kila kitu hukimbia kidogo. Nilipoteza dakika arobaini nikidhani hapo ndipo palipo kosa lililoachanisha sauti na picha. Hapakuwa hapo: picha na sauti hukimbia pamoja.

Hatua ya 2: Shuka

Shuka jeupe la kitanda kikubwa, lisilo na maua, lililopigwa pasi. Agosti ni msimu wa kusi, na darini kusi halina mchezo. Mara ya kwanza nililifunga kamba juu peke yake, likajaa upepo kama tanga la jahazi na Mickey akapata kitambi. Pitisha mti wa ufagio kwenye pindo la chini, kisha ning'iniza chupa mbili za lita tano za maji kila upande. Acha upenyo mdogo wa upepo pembeni, usilibane kila mahali, maana litachanika.

Hatua ya 3: Projekta

Iweke, ilenge, inyooshe. Kama tayari unayo, unajua.

Hatua ya 4: Spika mbili, si moja

Najua wengi wetu tukiwa na spika moja kubwa twaona inatosha. Kwa harusi sawa. Kwa hii, hapana. Fantasia ilipofunguliwa New York tarehe 13 Novemba 1940 ilitumia mtambo uliotengenezwa kwa ajili yake, ukaitwa Fantasound, wenye spika nyuma ya pazia na nyingine ukumbini, ili fidla zitoke upande huu na tarumbeta upande ule. Wakati huo kumbi nyingi za sinema zilikuwa na sauti ya njia moja tu. Kwa hiyo weka spika moja kila upande wa shuka, kwenye usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi, na hakikisha miksa yako haijaunganisha njia ya kulia na ya kushoto.

Hatua ya 5: Sauti iende na picha

Hapa ndipo nilipokwama.

Siku ile niliacha waya nyumbani nikabeba spika mbili za bluutuuthi zinazoungana zenyewe, nyepesi, rahisi kupanda nazo ngazi za Mji wa Kale. Nikaziunganisha na laptopu. Sauti safi kabisa. Nikaanza na kipande cha viboko wanaocheza densi, watoto wakacheka, halafu mpwa wangu mmoja akasema: "Mjomba, mbona hawa viboko wacheza kwanza, muziki waja nyuma?"

Nikamwambia ni macho yake. Nikatazama vizuri. Kweli, kiboko akikanyaga, pigo lafuata baadaye kidogo, kama mtu anayepiga makofi nje ya ngoma. Katika filamu ya kawaida hungeona, pengine midomo ya wanaozungumza tu. Humu kila hatua, kila mrusho wa mguu, umechorwa juu ya noti yake.

Nikabadilisha programu ya kuchezea. Vile vile. Nikanakili filamu kwenye flashi. Vile vile. Nikashuka kwa jirani kuazima laptopu nyingine, yake ikachelewa zaidi kuliko yangu. Nikalaumu DVD, nikamlaumu na shemeji aliyeileta. Watoto walishamaliza bhajia zote. Mwisho, kwa hasira tu, nikachomeka visikizi vya waya nijitulize, na viboko wakacheza juu ya pigo kama saa.

Kosa ni bluutuuthi. Kabla ya kutoka, sauti hukandamizwa, hurushwa, hupokewa, hufunguliwa tena, na safari hiyo mara nyingi huchukua milisekunde 150 hadi 250, yaani karibu robo ya sekunde. Robo ya sekunde ndani ya muziki ni umbali wa kutoka Likoni hadi ng'ambo.

Tiba ya kwanza, ninayoisimamia mimi: waya. Toa picha kwa waya wa HDMI hadi kwenye projekta, kisha sauti uitoe kwenye tundu la visikizi la projekta yenyewe kwenda kwenye amplifaya. Kwa nini kwenye projekta, si kwenye laptopu? Kwa sababu projekta nayo huchelewesha picha kidogo inapoitengeneza, na baadhi huchelewesha sauti yake kwa kipimo hicho hicho. Kama yako haina tundu, toa kwenye laptopu, tofauti mara nyingi ni ndogo.

Tahadhari za waya. Moja: chaja ya laptopu ikiwa imechomekwa unaweza kusikia mngurumo mzito chini ya muziki. Chomoa chaja ujaribu. Mngurumo ukiisha, ama tumia betri, ama chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili tofauti. Mbili: waya mrefu wa bei rahisi huweza kupoteza sauti nyembamba, na hiyo ndiyo filimbi katika kipande cha Tchaikovsky, kwa hiyo usibane pesa hapo. Tatu: ubandike chini kwa utepe. Watoto hukimbia.

Tiba ya pili, kama huna waya na watoto wameshaketi: VLC. Kwenye Windows, bonyeza herufi J, na kila mbonyezo huitanguliza sauti kwa milisekunde 50. Herufi K huirudisha nyuma. Kwa bluutuuthi utahitaji J mara tatu hadi tano. Usikisie kwa jicho tu kwenye kipande chochote. Nenda pale ufagio wa Mickey unapoamka na kuanza kutembea. Hatua zake zimefuata mbiu ya basuni, chombo ambacho ni jamaa ya nzumari yetu, cha kupuliza kwa matete mawili, ila kirefu na chenye sauti nzito. Mguu na noti zikigusana, umefika. Ukizima filamu na kuifungua upya marekebisho haya hufutika, kwa hiyo andika namba yako kwenye karatasi. Tena namba ya spika zangu si ya spika zako.

Na tafadhali usirushe picha kutoka kwenye simu bila waya huku sauti ikienda bluutuuthi. Hapo una ucheleweshaji wa aina mbili usiolingana, unaobadilika kila mtandao ukisongamana. Nimeona mtu akihangaika nao hadi saa nne usiku.

Mtu ataniuliza kuhusu umbali: watoto wa nyuma hawatasikia kwa kuchelewa? Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Mita kumi ni kama milisekunde 30, hakuna atakayeona.

Hatua ya 6: Panga vipande upya

Hapa wapenzi wa filamu watanikasirikia, lakini usianze mwanzo. Mwanzoni ni muziki wa Bach uitwao Toccata na Fuga, na picha ni za mistari na mawimbi ya rangi bila hadithi. Mimi nazipenda. Mtoto wa miaka sita atakuuliza katuni inaanza lini.

Mimi naanza na mwanagenzi wa mchawi, kama dakika tisa, muziki wa Paul Dukas wa mwaka 1897 uliotokana na shairi la Goethe la 1797. Mickey anachoka kuchota maji, anauroga ufagio umchotee, kisha hajui namna ya kuusimamisha. Mtoto wa Mombasa anayeamshwa alfajiri mfereji ukianza kutoka maji kupanga madumu haelezwi kitu hapo. Dadangu mwenyewe alisema: "Huo ufagio niletewe mimi, mradi uniachie tangi limejaa."

Kisha viboko, muziki wa Ponchielli. Mbuni ni asubuhi, viboko mchana, tembo jioni, mamba usiku. Watoto wa Kibokoni wakitazama viboko, utani wenyewe unajitengeneza. Mmoja akapiga kelele kwamba yule ni Owen, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park pale Bamburi na kufanya urafiki na kobe Mzee. Tukasimamisha filamu, akawasimulia wenzake. Simamisha. Darini si ukumbi wa heshima.

Halafu Tchaikovsky, uyoga wanaocheza na maua yanayozunguka. Hapo wape watu chai na viazi karai. Baada ya mapumziko ndipo Stravinsky: dunia inapoanza, volkeno, kisha dinosaria hadi wanapokufa kwa kiu. Ni kama dakika 22, na inaanza na basuni tena, safari hii ikipulizwa juu sana hadi haijitambui. Stravinsky, ambaye wakati huo alikuwa hai, baadaye alilalamika kwamba walimkatakata muziki wake na kuupanga upya. Ukiambiwa umeharibu mpangilio, mtaje yeye: Disney alianza.

Kipande cha Beethoven mimi nakiruka darini kwa watu. Muna Bacchus, mungu wa mvinyo, amelewa juu ya punda wake, na dadangu hakutaka maswali. Kipande hicho kina doa jingine pia: katika toleo la 1940 kulikuwa na msichana mweusi nusu-punda akimhudumia mwenzake mweupe, akaondolewa tangu filamu ilipotolewa tena mwaka 1969. Na Mussorgsky, lile shetani juu ya mlima usiku, usiwaonyeshe wadogo kabla ya kulala. Nilifanya hivyo mara moja. Dadangu alilala na watoto watatu kitandani.

Hatua ya 7: Saa

Jaribu sauti mapema alasiri, si usiku. Mji wa Kale misikiti imekuzunguka, kwa hiyo zima kila kitu kabla ya adhana ya magharibi, anza baada ya swala ya isha. Kiza kitakuwa kimeshika, na shuka litaonekana vizuri. Stima zikikatika, projekta isizimwe na kuwashwa papo hapo ikiwa ni ya taa ya kawaida. Iache ipoe.

Hatua ya 8: Rudisha ulichobadilisha

Kuna watu huchoka kubonyeza J kila mara, wakaenda kwenye mipangilio ya VLC na kuutia ule utangulizi uwe wa kudumu. Mimi ni mmoja wao. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Majengo, laptopu ile ile, spika za waya, na familia ikataka waonyeshwe video ya taarabu ya harusi ya mama mtu. Muimbaji akawa anaimba kabla hajafungua mdomo. Hakuna aliyesema neno isipokuwa shangazi mmoja wa bi harusi, mstari wa mbele, aliyegeuka akaniuliza: "Baba, huyu aimba au atabiri?"